Okidi za Nyanda za Juu: Nani Anapanda?

Magunia ya chikanda, yaani viazi vya okidi vinavyoliwa, yamekamatwa njiani. Magunia yamepigwa picha, wachimbaji wamekemewa. Haya. Nani anapanda?

Tunauliza kwa sababu biashara hii si ya jana. Viazi vya okidi kutoka Makete, Njombe na Sumbawanga huvushwa Zambia, vikatwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikashikana. Miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi hadi milioni 4 hutoka Tanzania kwa mwaka. Milioni 4! Mwaka 2005 uwanda wa juu wa Kitulo ukawa Hifadhi ya Taifa, kwa ajili ya maua hasa. Jembe likatafuta vilima vingine. Nani anapanda?

Fukua mmea mmoja uone. Chini kuna viazi viwili: kimoja kimenyauka, kimeshalisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, ndicho mmea wa mwakani. Mnunuzi anataka kile kigumu. Mbegu nazo ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, hazioti porini bila kuvu wa udongoni. Mimea ikibaki michache, itazaana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa ukiingia utaikuta yote ina udhaifu uleule.

Na sasa limeingia neno dawa. Eti okidi ina antioksidanti, eti inasafisha damu. Maabara hutia maji ya mmea kwenye chupa ya kimiminika cha zambarau. Kikigeuka njano, nguvu ya antioksidanti ipo. Nguvu hiyo hutofautiana kwa aina na kwa udongo, na chupa si mwili wa mtu. Sokoni nani anajali? Neno dawa likipandisha bei, majembe yanaongezeka, na okidi ya kilima fulani inakwisha kabla haijafika hata kwenye hiyo chupa.

Tumesema, tunasema tena: anayekamatwa ni mama mwenye jembe, mwenye lori hatajwi. Mwenye lori atajwe! Alipie vitalu vya okidi! Vyuo vyenye maabara, otesheni mbegu pamoja na kuvu wake, za Kitulo kando, za Sumbawanga kando, msizichanganye. Halmashauri, tengeni ardhi na muwaajiri akina mama haohao, maana wanaijua okidi hata ikiwa haina ua. Mvua za Novemba zisiwakute bado mnapiga picha magunia. Pandeni!