Nani Anapiga Ngoma?

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa miaka mingi niliikubali methali hiyo bila kuihoji. Siku hizi nina mashaka nayo. Wapo waamba ngoma walioivuta ngozi kwa jasho, ngoma ikalia, watu wakacheza hadi alfajiri, lakini sifa na fedha vikaenda kwa wengine. Leo nataka tuwazungumzie watu hao.

Nilikulia Kerende, kule Tarime, kabla mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara haujaanza kazi mwaka 2002. Usiku ulikuwa kimya. Redio ya karibu ilikuwa ya baba mdogo, na betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu ya kufika usiku. Zile ngoma za kufungulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam zilipolia, ua mzima ulinyamaza. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa mpigaji wa litungu, aliinua kidole na kusema, "Tulieni, huyo anasema." Hakusema redio inasema. Alisema huyo. Mpigaji alimtambua mpigaji mwenzake.

Nilifika ukubwani ndipo nikajua kwamba "huyo" alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa akipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja peke yake. Sauti ya mikono yake imeingia katika nyumba za Watanzania kuliko sauti ya mwimbaji yeyote. Lakini simama leo pale Kariakoo, uliza watu kumi ngoma zile ni za nani. Nadhani utarudi nyumbani na huzuni.

Ndugu msikilizaji, mawazo haya yalinijia nilipoazimwa santuri moja ya jazi ya Marekani. Katika santuri nyingi, anayetajwa kuwa kiongozi ni mwimbaji, mpiga kinanda au mpuliza tarumbeta. Katika hii kiongozi ni mpiga dramu, Max Roach, aliyezaliwa mwaka 1924 katika jimbo la North Carolina na kufariki mwaka 2007. Santuri inaitwa We Insist!, yaani tunasisitiza, na ndani yake mna mfululizo wa nyimbo tano za kudai uhuru sasa, si kesho. Ilirekodiwa New York mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1960.

Ukumbuke mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Februari, wanafunzi weusi wa North Carolina walikaa katika mgahawa wa wazungu na kukataa kuondoka. Picha iliyo kwenye jalada la santuri ni ya watu weusi walioketi kwenye kaunta ya namna hiyo, na mhudumu mzungu yuko nyuma yake. Machi 21, polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 pale Sharpeville. Na Septemba hiyo hiyo, hapa kwetu, Mwalimu Nyerere alishika uongozi wa serikali ya madaraka ya ndani ya Tanganyika.

Sasa sikiliza anavyoongoza mpiga dramu. Wimbo wa kwanza unamhusu msimamizi wa watumwa. Nyimbo zetu nyingi za dansi zinakwenda kwa mapigo manne. Huu unakwenda kwa matano, na kila pigo la kwanza linapigwa kwa ukali, kama mjeledi unaotua mgongoni. Huhitaji kujua Kiingereza. Mgongo wako unaelewa.

Katikati ya santuri kuna sehemu yenye hatua tatu: sala, malalamiko na amani. Humo hamna gitaa, hamna besi, hamna tarumbeta. Kuna dramu na sauti ya mwanamke, Abbey Lincoln, asiyetamka neno hata moja. Katika hatua ya pili anapiga mayowe, na dramu zinakwenda naye bega kwa bega, hazimfuniki wala hazimwachi. Aliyefiwa anayajua mayowe hayo. Baadaye Mnaijeria Babatunde Olatunji anaingia na ngoma zake, naye Abbey Lincoln anataja makabila ya Afrika moja baada ya jingine. Wimbo wa mwisho ni machozi kwa ajili ya Johannesburg.

Miezi michache tu baada ya hapo, Novemba 1960, mpiga kinanda Randy Weston alirekodi santuri yenye jina la Kiswahili, Uhuru Afrika. Olatunji alikuwamo, na Max Roach mwenyewe alikuwamo. Na maneno ya Kiswahili yanayosikika mle yalisomwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Kwa hiyo msidhani jazi ya uhuru ilikuwa habari ya watu wa mbali. Lugha yetu ilikuwa chumbani walipokuwa wakirekodi. Wakubwa wa Afrika Kusini wakati ule waliipiga marufuku santuri hiyo. Waliogopa ngoma, na waliijua sababu.

Na sisi je? Bendi zetu zilijiita jazi tangu zamani: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na kule kwetu Mara Jazz. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilibadili majina mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, tunaiita Sikinde. Msondo ni ngoma. Sikinde ni ngoma. Tumezipa bendi kubwa majina ya ngoma, lakini mashabiki wanakutajia waimbaji na wacharaza gitaa wote, ukiwauliza mpiga tumba wanakuna kichwa. Nani asiyeijua Sina Makosa ya Les Wanyika? Wachache wanajua kwamba aliyekaa kwenye dramu, akiubeba wimbo ule kwa utulivu kama mama anayebembeleza mtoto, ni Rashid Juma.

Nirudi kwa baba mdogo. Ujanani alipiga tumba katika bendi moja, ambayo sitaitaja. Walirekodi. Santuri ilipotoka, kibandiko kilikuwa na jina la bendi na jina la mtunzi, basi. Wimbo wake ulipopigwa redioni alitikisa kichwa taratibu na vidole vyake vilifuata juu ya paja. Hakulalamika hata siku moja. Alipofariki, tuliupiga wimbo ule nyumbani wakati wa matanga. Mjukuu wake wa miaka minane akauliza, "Babu yuko wapi humo?" Tulimwonyesha ile sauti ya chini inayokwenda tu-ku-tu nyuma ya magitaa. Mtoto alitega sikio muda mrefu, kisha akasema, "Kwani yeye hakuandikwa?"

Ndugu msikilizaji, sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Wengine watasema mpiga ngoma si mtunzi, anafuata tu. Hilo si kweli. Mwimbaji akipotea njia, bendi humsubiri. Mpiga ngoma akipotea, ukumbi mzima hujikwaa. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, haimjui mtunzi peke yake. Inawatambua pia watumbuizaji waliotia kazi yao katika wimbo. Lakini haki bila jina ni kama barua isiyo na anwani. Utamlipa nani usiyemwandika?

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili madogo. La kwanza, kila bendi inaporekodi iandike jina la kila aliyeshika chombo, kuanzia mwimbaji hadi mpiga manyanga. La pili ni letu sisi. Nyumbani mwenu pakiwa na mzee aliyewahi kukaa nyuma ya dramu au tumba, kamuulizeni leo: ni nyimbo zipi, mwaka gani, na nani mwingine alikuwapo? Andikeni kwenye daftari la shule kama hamna jingine. Wazee hawa wanaondoka.

Nasi tukisikia ngoma ya taarifa ya habari, tufanye kama yule mpiga litungu wa Kerende. Tutulie kidogo, tukumbuke kwamba kuna mtu anayesema, na tumtaje: Mzee Morris Nyunyusa.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.