Mgeni Njoo, Ufuko Upone

Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa wafanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii katika mkutano wa mwaka wa kamati za parokia za pwani. Baadhi ya wafadhili wetu walihudhuria. Tumeichapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa nizungumzie namna ya kufurahia pwani ya mashambani bila kuiharibu, hasa katika miezi ambayo wageni ni wachache. Naomba nisianze na pwani yetu. Nitaanza na pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ambako nilikaa kwa ziara ya mafunzo kuanzia mwishoni mwa Septemba 2023 hadi Januari 2024. Nilipokelewa na mama mmoja mjane, mjumbe wa kamati ya kanisa la kijiji chake.

Nilipoaga nyumbani, wengi walinicheka. Walisema, nani anakwenda ufukweni wakati wa baridi? Nami nilikuwa na wasiwasi huohuo. Katika miezi ya Julai na Agosti pwani ile hujaa familia na watoto wanaocheza mchangani. Baadaye huja majira ya majani kupukutika, kisha baridi yenyewe. Mwezi Desemba jua huchomoza saa 2 asubuhi, na kabla ya saa 10 jioni limekwisha kuzama. Upepo wa Bahari ya Kaskazini hupenya koti, ukapenya na sweta. Nilidhani nakwenda kuona mahali palipolala.

Msimu usiolala

Ndugu zangu, nilikosea. Mbayuwayu walikuwa wanamalizia kuondoka, maana mbayuwayu wa Uingereza husafiri hadi Afrika Kusini kukwepa baridi. Lakini walipoondoka hao, wengine walikuwa wanaingia. Kila mwaka, kuanzia Septemba, mabata bukini kwa maelfu hushuka Norfolk kutoka Iceland na Greenland. Mchana hula mashambani mabaki ya viazi vya sukari baada ya wakulima kuvuna. Jioni huruka makundi kwa makundi kwenda kulala kwenye matope ya pwani, na kelele zao husikika hata ukiwa jikoni umefunga dirisha.

Upande wa magharibi kuna ghuba kubwa iitwayo The Wash. Maji yakipwa, hubaki uwanda wa matope usioona mwisho wake, nao umejaa chaza wadogo na minyoo. Ndege wa ufukweni hukusanyika hapo kwa mamia ya maelfu wakati wa baridi. Siku za bamvua maji hufunika matope yote, na ndege huinuka pamoja kama moshi, wakatafuta mahali pakavu pa kusimama hadi maji yatoke.

Kisha wako sili. Kwa wasiomfahamu, sili ni mnyama wa baharini mwenye mwili mnene uliochongoka, na mapezi mahali pa miguu. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari, sili wa kijivu hupanda mchangani kuzaa. Katika rasi ya Blakeney walihesabiwa watoto 25 mwaka 2001. Mwaka 2014 walihesabiwa zaidi ya 2,400.

Kwa hiyo miezi ambayo mfanyabiashara anaiita mibovu ndiyo miezi ambayo ufuko una kazi nyingi. Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata. Somo la pili nililipata kwa aibu.

Huruma isiyouliza

Asubuhi moja ya Novemba nilitoka peke yangu kutembea ufukweni. Mama mwenyeji wangu alikuwa ameniambia nimsubiri, lakini nilijiona nimekwisha kuwa mwenyeji. Nilipozunguka kilima cha mchanga nikamkuta mtoto wa sili, mweupe kama pamba, amelala peke yake. Alikuwa analia, na sauti yake ilifanana mno na ya mtoto mchanga. Nikasema moyoni: huyu ametupwa. Nikamsogelea. Nikavua skafu yangu ili nimfunike.

Ndipo mzee mmoja aliyevaa koti la njano, mmoja wa walinzi wa kujitolea, akaniita kwa sauti ya chini, akaniomba nirudi nyuma polepole. Nilipomfikia hakunigombeza. Alinionyesha kichwa cheusi kilichokuwa kinaelea majini, kama mita 30 kutoka ufukweni. Alikuwa ni mama yake.

Akanieleza. Mtoto wa sili huzaliwa na kilo kama 14. Mama yake humnyonyesha kwa takriban wiki 3 tu, kwa maziwa yenye mafuta mengi sana, na katika wiki hizo uzito wake huongezeka karibu mara tatu. Kila saa ya kunyonya ina thamani. Manyoya yale meupe ni ya kumkinga na baridi nchi kavu, hayafai kwa kuogelea, na akiogopa akaingia majini anaweza kufa. Mama akiona mtu kati yake na mtoto, hukaa mbali. Akisumbuliwa mara nyingi, anaweza kumwacha mtoto moja kwa moja.

Tulijibanza nyuma ya kilima, mimi na yule mzee, tukingoja. Saa ya kwanza ikapita. Mvua ya barafu ikaanza. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza itakuwaje kama hatarudi. Saa 9 na nusu, mwanga ukiwa unakaribia kwisha, yule mama alijivuta kutoka majini, akamnusa mtoto wake, akajilaza ubavu ili anyonye. Mzee yule akaniambia jambo ambalo sijalisahau: wanaotupa kazi kubwa si watu wabaya, ni watu wema wanaodhani wanajua.

Nawaomba wajumbe wenzangu, na kwa heshima zote wafadhili wetu pia, tulitafakari neno hilo. Mimi nimefanya kazi ya maendeleo kwa miaka mingi. Najiuliza ni mara ngapi nimeingia kijijini na skafu yangu mkononi kabla ya kuuliza.

Jinsi walivyojipanga

Wenzetu wa Norfolk hawakufunga pwani yao. Wanataka watu waje hata wakati wa baridi, kwa sababu kijiji kinachopata kipato miezi miwili tu kwa mwaka hakiwezi kumbakiza kijana. Lakini wameweka utaratibu, na mengi katika utaratibu huo hayahitaji fedha nyingi.

Huko Horsey, majira ya kuzaa yanapoanza, sehemu ya ufuko hufungwa. Kamba hunyoshwa juu ya vilima vya mchanga, na wageni huwatazama sili kutoka hapo, chini ya uangalizi wa walinzi wa kujitolea, wengi wao wastaafu. Huko Blakeney wageni huchukuliwa kwa boti kutoka Morston, wakaona bila kukanyaga. Mwenye mbwa humfunga kamba. Watu huombwa wasiache ufukweni zile pete za plastiki za kurushiana, kwa maana sili vijana huziingiza shingoni wakicheza, nazo huwakata kadiri wanavyokua.

Msingi wa mambo haya ni wa zamani. Mwaka 1926 watu wachache walichanga pauni 5,100, wakanunua ekari zipatazo 400 za nyanda za majimaji katika kijiji cha Cley, ili zibaki hifadhi ya ndege daima. Hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya ya kwanza ya hifadhi ya mkoa katika Uingereza nzima. Hadi leo watu huja Cley kutazama ndege kila mwezi wa mwaka, na kila anayekuja anahitaji kitanda, chai na mkate.

Nilimwuliza mama mwenyeji wangu kijiji kinanufaikaje. Alinihesabia kwa vidole. Mwenye boti anapata kazi Desemba. Wavuvi wanauza kome, ambao msimu wao ni wakati huohuo wa baridi. Basi la vijijini linapata abiria, hivyo halifutwi, na bibi asiye na gari anaweza kwenda hospitali. Kanisa huachwa wazi mchana, na kina mama huuza supu ya moto. Wageni wengine hupewa magunia, wakaokota takataka zilizoletwa na dhoruba. Nilicheka, nikamwambia kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Madirisha yenye giza

Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba kila kitu ni kizuri. Usiku wa baridi, ukipita katika baadhi ya vijiji vile, unaona nyumba nzuri za mawe, dirisha moja lina taa na matano yana giza. Hizo ni nyumba za watu wa mijini wanaozitumia wiki chache za kiangazi. Zimepandisha bei kiasi kwamba mtoto wa mvuvi hawezi kununua wala kupanga nyumba mahali alipozaliwa. Mwezi niliofika, Septemba 2023, wakazi wa Burnham Market walipiga kura, na walio wengi wakaamua kwamba nyumba mpya zitakazojengwa ziwe za watu wanaoishi pale mwaka mzima. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, lakini nyumba zilizokwisha kununuliwa hazikurudi.

Bahari nayo ina hukumu yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ilisukuma maji juu ya nchi kavu, watu 307 wakafa katika Uingereza, na Uholanzi wakafa zaidi ya 1,800. Tarehe 5 Desemba 2013 maji yalipanda tena, na huko Hemsby nyumba zilizojengwa juu ya mchanga zikaporomoka. Wenyeji wanajua kwamba vilima vya mchanga na nyasi zake ndivyo ukuta wao. Ndiyo maana wanamwomba mgeni apite njia iliyowekwa, asikate njia yake.

Na sisi je?

Ndugu zangu, sisi hatuna baridi ile, lakini tuna msimu wetu wa wageni wachache. Masika ikianza, hoteli hupunguza wafanyakazi, nasi tunasema msimu umekufa. Lakini ni katika miezi hiyohiyo ambapo kasa wengi hupanda mchanga wa Mafia kutaga mayai. Kasa akikuta taa kali ufukweni hugeuka. Watoto wake wakianguliwa hufuata mwanga, na mwanga ukiwa wa nyumba badala ya bahari, wanapotea. Ufuko wetu nao una kazi wakati sisi tunadhani umelala.

Najua kwamba mezani kwenu leo kuna ombi la kukodisha kiwanja cha parokia kilichoko kando ya bahari ili pajengwe nyumba za mapumziko. Najua paa la zahanati linavuja, na fedha iliyotajwa si ndogo. Mimi si mjumbe wa kamati, sitawapigia kura. Ila nawaomba mjibu maswali matatu kabla ya kutia sahihi.

La kwanza: katika miezi ambayo wageni hawapo, ni kazi gani inayofanyika pale, ya kasa, ya samaki, ya mikoko, ya kina mama wanaookota chaza? Nendeni mkawaulize wanaokaa karibu, tena mwende nao mkaone.

La pili: usiku wa Mei, madirisha ya nyumba hizo yatakuwa na taa au giza? Kama ni giza, kijana wetu atafanya kazi gani miezi hiyo?

La tatu: bahari ikipanda, kutabaki nini kati yake na kijiji?

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Mnapotutembelea, msije Agosti na Desemba peke yake. Njooni pia wakati wa masika, mlale katika nyumba za wanaparokia, mle samaki wa siku hiyo, mwende kwa miguu na mwenyeji mbele yenu. Fedha mtakayoiacha wakati huo ina uzito kuliko ile ya msimu wa wageni wengi. Na mkiona jambo linalowatia huruma, tuulizeni kwanza. Nasi tukija kwenu tutauliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani ina wenyeji wengi, wengine hawana sauti ya kusema katika mkutano kama huu. Mungu ametuweka hapa tuwe wasemaji wao.

Skafu ile bado ninayo. Mama mwenyeji wangu alitaka kunipa mpya, nikakataa. Niliporudi niliitundika mlangoni mwa ofisi, ili niione kila ninapotoka kwenda vijijini.