Muda wa Kuungama



Wapendwa wasikilizaji, Jumapili ya leo napenda tulitafakari neno moja la Kiingereza cha zamani, ambalo Waingereza wenyewe karibu wamelisahau. Neno hilo ni "shrift", na maana yake ni maungamo. Limetokana na kitenzi "shrive", kinachotaja kazi ya padri: kumsikiliza mwenye kutubu, kumpa malipizi na kumwondolea dhambi.

Asili yake ya mbali ni neno la Kilatini "scribere", yaani kuandika. Padri alimwagiza mkosaji malipizi yake, kama vile daktari amwandikiavyo mgonjwa dawa. Hata leo, Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu yaitwa kwa Kiingereza "Shrove Tuesday", kwani siku hizo waamini walikwenda kuungama kabla ya kuanza Kwaresima.

Lakini neno hili lilipatwa na mkasa. Zamani, aliyehukumiwa kufa alipewa nafasi ya kuungama kabla ya kuuawa. Nafasi hiyo ilipofupishwa, iliitwa "short shrift", maungamo mafupi. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Richard III, iliyochapwa mwaka 1597, bwana mmoja, Hastings, amehukumiwa kukatwa kichwa. Anahimizwa aungame upesi, kwa maana mkuu aliyemhukumu ameapa kutokula mpaka akione kichwa hicho. Roho ya mtu yaharakishwa kwa ajili ya chakula!

Siku hizi, Waingereza wasemapo kwamba mtu amepewa "short shrift", hawamfikirii tena padri wala mnyongaji. Wana maana kwamba mtu huyo amepuuzwa, hakusikilizwa. Sakramenti imetoka katika neno, haraka imebaki.

Ndugu zangu, tusiwacheke. Mtoto aliyevunja mtungi aanza kueleza, fimbo yamkatiza. Mume ajaye kuomba radhi akuta shauri limekwisha kukatwa. Nawe katekista, binti aliyepata mimba akujiapo akilia, wampa muda gani wa kusema? Au nasi twataka kichwa kikatwe upesi, tukale?

Pale Kalvari, mhalifu mmoja alitundikwa kando ya Yesu. Naye muda wake ulikuwa mfupi, na maneno yake machache mno. Hata hivyo Bwana wetu, akiwa katika maumivu ya msalaba, alimsikiliza, akamwahidi paradiso siku ile ile. Maungamo yalikuwa mafupi. Huruma haikuwa fupi.

Basi, juma hili, ajaye kwako na kosa lake, mpe kiti aketi. Mwache amalize. Ndipo nawe useme. Kwani sisi sote twatumaini kusikilizwa hivyo na Mungu, siku ile tutakapokuwa na dakika chache tu.

Mungu awabariki.