Ndovu Aliyepiga Saa



Vijana wenzangu, nyinyi wa Mtito Andei na Ikutha ndovu mnawajua. Wale wa Tsavo wakitoka mbugani usiku, asubuhi shamba la mahindi halipo. Leo nawaletea habari za ndovu mwingine, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu saa.

Mwaka 1206, fundi Muislamu aitwaye Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu cha mitambo yake huko Diyarbakir, mji ulioko Uturuki ya leo. Mojawapo ni saa yenye umbo la ndovu. Tumboni mna tangi la maji, na juu ya maji linaelea bakuli lenye tundu dogo chini. Maji yanaingia polepole. Bakuli likizama, kamba inavutwa, gololi inashuka kutoka juu na kuingia kinywani mwa nyoka. Nyoka anainama kwa uzito wake, na akiinama analivuta bakuli juu tena. Ndege kileleni anazunguka, mchunga ndovu anampiga mnyama wake: nusu saa imetimia! Betri hakuna, stima hakuna. (Habari ya sanamu tuwaachie masheikh, mimi nazungumzia ufundi.)

Saa yake nyingine, ya umbo la ngome, ndiyo inayotugusa zaidi mwezi huu. Ilihesabu saa 12 tangu jua kuchomoza mpaka kutua, karibu sawa na hesabu yetu ya Kiswahili. Lakini sisi tuko jirani na ikweta, mchana wetu haubadiliki sana. Kule, mchana wa kiangazi unakaribia saa 15, na wa baridi haufiki 10. Basi fundi akaweka sahani ya kurekebisha kasi ya maji kila siku, ili saa ifuate jua la pale pale ilipo.

Jua la pale pale. Sasa itazame ratiba ya Ramadhani uliyobandika ukutani: ni ya mji gani? Kitui alfajiri inaingia kama dakika tano kabla ya Nairobi, na Wote kama dakika tatu. Anayekula daku kwa ratiba ya Nairobi akingoja dakika ya mwisho, huyo anakula alfajiri imeshaingia. Na anayefuturu Kitui kwa ratiba ya Mombasa, anafungua jua bado halijatua. Siku nzima ya njaa, jamani, kwa sababu ya karatasi!

Al-Jazari hakukubali jambo la ufundi mpaka alijaribu mwenyewe. Nanyi jaribuni. Toboa kibakuli chepesi cha bati kwa msumari mwembamba, kielee ndani ya beseni, pima kwa simu kinazama baada ya dakika ngapi. Kikizama upesi mno, ziba tundu kidogo kwa nta, upime tena. Bakuli la mama usiliguse kabla hujamwomba.