Habari ya Kukoroma na Dawa Zake

Leo twataka kusema nanyi habari ya jambo lijulikanalo katika kila mji na kufanyiwa mzaha katika kila baraza, nalo ni kukoroma. Mwenye kukoroma hukana. Alalaye kando yake ndiye ajuaye, maana ndiye akeshaye.

Sauti ile yatoka wapi? Mtu akilala usingizi, misuli ya koo hulegea. Akilala chali, ulimi nao huangukia nyuma, njia ya hewa ikawa nyembamba. Na pumzi ipitapo kwa nguvu mahali pembamba hutikisa kaakaa laini na kimio. Basi kila dawa tunayouziwa tuiulize neno moja tu: je, yaifungua njia ile?

Dawa za nyumbani hazina gharama. Wako watu washonao mfuko mgongoni mwa nguo ya kulalia, wakatia mpira wa tenisi ndani yake, ili alalaye akigeuka chali aumie na kurudi ubavuni. Twaicheka dawa hii, lakini huwafaa wengi wakoromao kwa kulala chali tu. Tena aache tembo wakati wa jioni, kwani ulevi huzidisha kuilegeza misuli. Na aliyenenepa sana shingoni akipungua mwili, mara nyingi hupungua na mkoromo wake.

Madukani kuna ukanda wa kubandika juu ya pua. Huo huzivuta tundu za pua zikapanuka, nao humsaidia mwenye pua iliyoziba. Penye kasoro ya koo haufanyi kitu. Mafuta na maji ya kupuliza kooni hatuyasifu. Afadhali kile kifaa cha kinywani kitengenezwacho na daktari wa meno kwa kipimo cha meno ya mtu, kwani hulisukuma taya la chini mbele, na ulimi ukaja pamoja nalo. Tena liko jambo la ajabu: katika mwaka 2006 waganga wa Uswisi walitangaza kwamba watu waliojifunza kupuliza didjeridu, baragumu ndefu ya wenyeji wa Australia, karibu kila siku kwa miezi 4, walipata nafuu kwa kuwa misuli ya koo ilipata nguvu. Majirani zao waliponea wapi, hatukuambiwa.

Kukata kimio kwa wembe, kama wafanyavyo wengine huku kwetu, hasa kwa watoto wenye kikohozi, twakukataza kabisa. Damu hutoka nyingi, na pepopunda huweza kuingia.

Sasa twafika penye hatari yenyewe. Wako watu ambao njia ile haiwi nyembamba tu, bali huziba kabisa. Utamsikia mtu akikoroma kwa kishindo, kisha kimya. Kifua chahangaika, hewa haipiti, zapita sekunde 10, pengine 30 au zaidi. Kisha hushtuka kama aliyetolewa majini. Huenda ikawa mara nyingi katika kila saa, na asubuhi hakumbuki lolote. Waganga wa Ufaransa na wa Ujerumani waliyaeleza mambo haya katika mwaka 1965. Mchana mtu huyu husinzia kazini, na akiwa dereva husinzia usukani mikononi, abiria nyuma yake. Shinikizo la damu nalo hupanda. Mtu kama huyu dawa ya dukani yaweza kumpunguzia kelele isimwondolee kukabwa. Nyumba ikapumzika, na ugonjwa ukabaki.

Dawa yake kubwa ilitangazwa mwaka 1981 na Daktari Colin Sullivan wa Sydney: mashine ndogo isukumayo hewa kwa mpira hadi kifuniko cha puani, na hewa ile huizuia njia isizibe. Ina bei kubwa, tena yataka umeme usiku kucha. Lakini wengi wameirudia nguvu yao ya mchana kwayo.

Mwenye dalili hizi aendapo hospitali, na afuatane na mkewe, au mumewe, au yeyote alalaye chumba kimoja naye, maana daktari atauliza habari za usiku na mgonjwa hawezi kuzijibu. Simu ya mkononi nayo yaweza kuinasa sauti. Na mtoto akoromaye kila usiku asichekwe: apelekwe atazamwe mafindofindo.