Tumchunguze Mtoto Kabla ya Kumhukumu

Ndugu wapendwa, walimu, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kibondo na Kasulu,

Mara nyingi tunaletewa watoto waliokatiwa tamaa. Twaambiwa: huyu ni mwizi, huyu ni mpiganaji, huyu amerogwa. Leo tujiulize: je, tumemchunguza mtoto huyo, au tumemhukumu tu? Kumhukumu mtu pasipo kumsikiliza ni dhuluma, awe mkubwa au mdogo.

Wataalamu wa magonjwa ya akili wanautambua mwenendo mbaya uliokithiri kwa watoto. Hutazama mambo manne: kuwaumiza watu au wanyama, kuharibu mali, wizi na udanganyifu, na kuvunja kanuni nzito, kama kutoroka nyumbani au shuleni. Hata hivyo, kosa moja halitoshi. Mwongozo wa chama cha wataalamu hao cha Marekani wadai dalili zisizopungua 3 katika miezi 12, na walau moja iwe imeonekana katika miezi 6 ya mwisho. Aidha, mwenendo huo uwe umedhuru maisha ya mtoto nyumbani, shuleni au kati ya wenzake.

Mwongozo huo watoa pia onyo linalotuhusu: palipo na vita, tusiite ugonjwa upesi kile ambacho huenda ni njia ya mtoto kujihami. Wilaya zetu zilipokea Warundi mwaka 1993. Wakongo mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Na Warundi tena mwaka 2015, kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya. Mtoto aliyejifunza kunyakua chakula ili aishi hawezi kuliacha jambo hilo kwa siku moja. Nao watoto wa vijiji vyetu wanayo majeraha yao: njaa, vipigo, kufiwa na wazazi.

Tunakiri kwamba nasi tumekosa. Tuliletewa mvulana wa miaka 11, aliyesemekana kuwa na kiburi: akiitwa haitiki, akikaripiwa hupigana. Wazee wakataka afukuzwe shule, nasi tukaafiki. Baadaye bibi yake akatueleza kwamba masikio ya mtoto yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni. Hakuwa mkaidi, alikuwa hasikii, na wenzake walimcheka. Mwaka mzima wa masomo ulikuwa umempotea, na hakuna miongoni mwetu aliyekuwa amemwuliza lolote.

Basi tufanyeje? Kwanza, apelekwe zahanati apimwe masikio, macho, na kama ana kifafa au maradhi mengine. Pili, tuulize mwenendo huo ulianza lini, na nini kilitokea wakati huo. Tatu, tuulize zaidi ya mtu mmoja: mtoto msumbufu shuleni tu, ambaye nyumbani ni mtulivu, anatuambia habari fulani juu ya shule. Nne, tumsikilize mtoto mwenyewe, faraghani, pasipo fimbo mezani.

Lipo pia dodoso la maswali 25 lililotungwa na daktari Robert Goodman wa Uingereza, likachapishwa mwaka 1997, nalo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Hujibiwa na mzazi na mwalimu, na mtoto mwenyewe akifikia miaka 11. Maswali 5 kati yake huuliza juu ya wema wa mtoto: je, hugawia wenzake? Huwasaidia walioumia? Dodoso hilo halitoi hukumu. Latuonyesha tu nani apelekwe kwa mtaalamu au kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Hatusemi aliyeumizwa asahauliwe. Alindwe, na mkosaji aonywe. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Twapenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila akunjaye kwa pupa huvunja.

Tunawaomba: kabla jina la mtoto yeyote halijafutwa katika daftari la shule, mmoja wenu aketi naye na kumwuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Kisha asubiri jibu.

Mungu awabariki.