Mswaki si Pambo la Mfukoni

(Mawaidha kwa waumini wa Magomeni, Dar es Salaam)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, sisi walimu wa madrasa tunafundisha makharij, yaani mahali zinapotokea herufi. Thaa, dhali na dhwaa hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno ya mbele ya juu. Faa hutoka pale meno hayo yanapogusa mdomo wa chini. Mtoto ambaye meno yake ya mbele yameoza hupata taabu kuzitamka, hata dhali iliyomo katika Suratul Fatiha anayoisoma kila rakaa. Basi suala la meno si la urembo tu, bali ni la ibada na amana.

Abu Hurayra (r.a.) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) angeuamrisha umma wake kupiga mswaki kwa kila swala, lau si kuchelea kuutia mashakani. Bibi Aisha (r.a.) naye ameeleza kwamba Mtume alianza kwa mswaki kila alipoingia nyumbani kwake. Lakini wako miongoni mwetu wanaobeba kijiti cha mswaki mfukoni, wakapiga mswaki mlangoni mwa msikiti, ilhali watoto wao wanalala na pipi mdomoni. Huko ni kushika umbo la sunna na kuliacha lengo lake.

Jino huozaje? Vijidudu vilivyomo katika utando wa meno hula sukari na kutoa tindikali, nayo humomonyoa gamba gumu la jino. Kila tunapoonja kitu kitamu, tindikali hiyo huanza upya. Kwa hiyo mtoto anayemumunya ubuyu wa sukari, kashata na barafu tangu asubuhi hadi magharibi, meno yake hayapati nafasi ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilieleza kuwa ni bora sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 hupita kiasi hicho.

Tuwape watoto maziwa, dagaa, maharage, mboga za majani na matunda yenyewe badala ya juisi zilizotiwa sukari. Kinywaji baina ya milo kiwe maji. Kitamu kikiliwa, kiliwe pamoja na mlo.

Tupige mswaki angalau mara mbili kwa siku, na mara ya mwisho iwe kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 atoshelezwe na dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, naye asimamiwe na mzazi. Atumiaye kijiti akate ncha iliyochakaa, atafune mpya, na asugue pia meno ya nyuma, si ya mbele pekee. Kila mtu awe na mswaki wake.

Katika Ramadhani, wapo wanaouacha mswaki mchana kwa kuhofia saumu. Wanachuoni wa Kishafii wamekirihisha kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, na wengine wengi wameruhusu mchana kutwa. Hakuna aliyesema uachwe usiku. Basi baada ya futari ya tende na kaimati, na tena baada ya daku, tusafishe vinywa vyetu kwa dawa ya meno.

Mwisho, jino likianza kuuma au fizi zikitoa damu, tumwone daktari wa meno mapema. Tusingoje hadi ibaki dawa ya kung'oa tu. Tuanze usiku wa leo: kila mzazi asimame na wanawe, wapige mswaki pamoja kabla ya kulala.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuzihuisha sunna za Mtume wake majumbani mwetu, na awape watoto wetu ndimi na vinywa safi vya kukisoma Kitabu Chake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.